Ngeli ya Mawe

Walipotafuta watu wa kuhamia kule
walikuja Goma, wakauliza nani amezoea mwamba mweusi.
Tulicheka. Nani hajauzoea?
Mimi nimelea watoto wanne juu ya lava,
nimepanda maharage kwenye ufa wake kwa kijiko,
na nyumba yangu ya Majengo imesimama
juu ya paa la nyumba yangu ya zamani.

Wakamchukua Kahambu,
aliyekuwa akiyahisi mazuku bondeni
kabla mbuzi hajapiga magoti.

Sayari wakaiita Mabanga ya Juu,
kana kwamba ni mtaa tu,
kana kwamba pikipiki inafika.

Barua hukaa njiani miaka miwili.
Ya kwanza ilikuwa ya mtoto wangu kabisa:
Mama, sambaza mlizotufungia zimeisha,
Mama, hapa mvua haipo, nimejaribu kuwaeleza
waliozaliwa huku, wanadhani natunga.

Ya pili: nywele zimeacha kuota.
Jasho linatoka unga.
Kucha zetu ngumu sasa, tunakwangulia sufuria,
usilie, ni nafuu, hatununui kisu.

Ya tatu nilidhani ameisahau shule.
*Jiwe amelala mlangoni. Tumempisha.
Mawe wa upande wa baridi wanahama mwaka huu.*
Nikasema, hiki si ndicho Kiswahili chetu cha Birere,
tunavyokorogakoroga?
Nikampelekea mwalimu Bisimwa,
yule aliyetuchapa fimbo kwa ajili ya ngeli.
Alisoma mara tatu. Akavua miwani.
Hakosei, alisema.
Kijiko bado ni ki-. Mlango bado ni u-.
Ni mawe tu waliohama.
Halafu akanyamaza, na chai yake ikapoa,
kwa sababu na yeye sasa alikuwa amesema *waliohama*.

Ya nne sikumwonyesha mtu.
*Sisi yamechoka kidogo, lakini yapo.
Sisi yanakusalimu.
Mtoto limezaliwa. Halilii, linavuma,
na ukiliwekea sikio kifuani
unasikia kitu kinajongea polepole sana,
kama anayetafuta neno.
Jina lake haliandikiki: ni pumzi mbili
na meno kugongana mara moja.*

Nililijaribu jina hilo jikoni, usiku, peke yangu.
Pumzi. Pumzi. Meno.
Jirani akauliza kama nina homa.

Nilitaka kukasirika. Nilijiandaa, hata kitenge nilikaza.
Mwanangu nilimnyonyesha ziwa hili la kushoto,
leo aniambie *yapo*?

Lakini nikaukumbuka usiku ule mlima ulipopasuka,
tukiwa barabarani na magodoro kwenye chukudu,
kila mtu akimpigia mwenzake kelele gizani.
Nani alisema *umefika*?
Tulisema amefika Birere.
Tulisema amegeuka, anaelekea ziwani,
amekula kanisa, amemwachia mjane choo.
Na asubuhi, alipolala, tukamkanyaga kwa adabu,
viatu vikiyeyuka,
tukamjengea juu.

Huenda Kahambu hakuanzia kule.
Huenda alianzia mgongoni mwangu usiku ule,
macho wazi, akijifunza sarufi.

Sijui. Magoti yangu yananiuma kipindi cha kiangazi,
nikiinuka yanalia kama kokoto. Umri, wanasema zahanati.

Leo nimekwenda ofisi ya Himbi na jibu langu,
ukurasa mmoja, salamu nyingi,
na kipande cha lava kutoka kizingitini,
kimetoboka matundu, cheusi, bado na vumbi la nyumba.
Ili mjukuu ajue anatoka kwa nani.

Karani akakiweka kwenye mizani.
Jiwe hili ni la nini, mama?
Nikasikia mdomo wangu unasema: Huyu.
Kijana akanitazama, akatazama foleni, akatazama saa,
akafuta alichoandika.
Akanitoza nauli ya mtoto.